Njia ya Munyonyo hadi Namugongo: Mwendo wa Hija kama Chanzo cha Historia

Kila mwaka, siku za mwisho za Mei, maelfu ya mahujaji huingia Kampala kwa miguu wakielekea Namugongo, ambako sikukuu ya Mashahidi wa Uganda huadhimishwa tarehe 3 Juni. Wapo waliotembea majuma mazima kutoka magharibi mwa Uganda, na wapo watokao Kenya. Muumini wa Uchindile huanza kwa treni ya TAZARA na kuendelea kwa mabasi. Hija yake ya miguu huanzia pale gari linapomshusha. Insha hii inajadili kipande kifupi tu cha mwendo huo: njia ya Munyonyo, kando ya Ziwa Viktoria, hadi Namugongo. Hujaji mzima wa afya huimaliza kwa siku moja. Hoja yangu ni kwamba njia hii inahifadhi mambo ambayo kilele cha sikukuu huyafunika.

Mwezi Mei 1886 Kabaka Mwanga alikuwa akikaa Munyonyo, baada ya ikulu ya Mengo kuungua mapema mwaka huo. Hapo ndipo alipowahukumu vijana wa baraza lake waliokataa kuiacha dini mpya. Padre Simeon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, alikuwapo na aliwaona wakipitishwa wamefungwa kamba. Andrea Kaggwa aliuawa hukohuko Munyonyo tarehe 26 Mei. Siku hiyohiyo Ponsiano Ngondwe alichomwa mkuki njiani. Kesho yake Atanasi Bazzekuketta aliuawa Nakivubo. Gonzaga Gonza, ambaye pingu zilikuwa zimemla miguu hata asiweze kwenda, aliuawa kabla ya kufika. Matia Mulumba, kwa mujibu wa masimulizi ya Kanisa, aliuliza sababu ya kupelekwa mbali ilhali kifo kingeweza kumpata palepale. Alikatwa viungo katika kilima cha Kampala na kuachwa. Alikata roho tarehe 30 Mei.

Kwa hiyo anayeijua Namugongo peke yake hudhani kwamba mashahidi walikufa mahali pamoja na siku moja. Anayetembea kutoka Munyonyo hawezi kudhani hivyo, kwa kuwa kila baada ya mwendo fulani hukuta kituo chenye jina la mtu na tarehe yake. Hata swali la nani aliweza kutembea na nani alishindwa, ambalo vitabu hulipita haraka, humrudia pale miguu yake mwenyewe inapovimba.

Ikumbukwe pia kwamba wakati huo hapakuwa na jiji. Lugard alijenga ngome yake Kampala mwishoni mwa 1890, zaidi ya miaka minne baadaye. Njia ilitangulia, jiji likaja kuimeza: Nakivubo ya leo ni uwanja wa mpira na masoko, na hujaji hupita katikati ya bodaboda na mizigo ya mitumba. Wapo wanaolalamikia kelele hizo. Mimi naona zinafaa, kwani wafungwa nao walipitishwa mbele ya watu waliokuwa na shughuli zao.

Jambo zito zaidi ni la madhehebu. Kati ya 1885 na 1887 waliuawa Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 wanaokumbukwa kwa majina. Waliotoka Munyonyo walikuwa wa pande zote mbili. Tarehe 3 Juni 1886, Alhamisi ya Kupaa kwa Bwana, Karoli Lwanga alitengwa na kuchomwa peke yake, mahali ilipo sasa basilika ya Wakatoliki. Wenzake, Wakatoliki na Waprotestanti, waliteketezwa katika moto mmoja. Hata hivyo wale 22 ndio waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, na leo ibada za sikukuu hufanyika katika viwanja viwili, cha basilika na cha Waanglikana huko Nakiyanja, jirani kabisa. Paulo VI mwenyewe alifika kwa Waanglikana mwaka 1969, na Papa Fransisko akafanya vivyo hivyo mwaka 2015.

Mahujaji wa kawaida hufuata barabara ileile moja mpaka karibu kabisa na mwisho, Wakatoliki na Waanglikana wakigawana maji na kivuli, kisha kila kundi likashika geti lake.