Jinsi ya Kusaka Ngoma Usizozijua Mtandaoni: Mwongozo Kutoka Mamboleo

Uko kwa mat, umetoka Mamboleo unaelekea tao. Mkifika Kondele, flashi ya dere inaingiza gitaa moja hivi inakupeleka mbali sana. Unauliza konda, "Omera, hii ngoma ni ya nani?" Konda anakuangalia ni ka umemuuliza swali ya hesabu. "Hii ni miksi, buda." Unashuka, mat inaenda, na ngoma imeenda nayo.

Kama hiyo imewahi kukupata, hii makala ni yako. Tunaongelea venye wasikilizaji husaidiana mtandaoni kupata ngoma mpya na zile za kitambo, mahali wanakutana, na venye unaeza ingia bila kuonekana mgeni.

Kwa nini apu pekee haitoshi

Spotify, YouTube na Boomplay zote ziko na kitu ya kukuchagulia ngoma. Zinacheki umeskiza nini hadi mwisho na umeruka nini, alafu zinaangalia wasee wengine wa kuskiza kama wewe. Kile wanapenda na wewe hujaskia, unaletewa.

Iko poa, lakini iko na shimo. Ngoma ambayo haijachezwa sana haina jirani, so mashine haijui impelekee nani. Kwa ngoma za huku kwetu mambo ni mbaya zaidi juu nyingi zimewekwa na jina kama "Luo miksi" ama "Track 03". Hakuna jina ya msanii, hakuna mwaka. Mashine itashika wapi?

Mtu ni tofauti. Mtu anaeza kwambia, "Hiyo gitaa ni ya Victoria Jazz, na kama umeipenda, cheki pia Shirati Jazz ya D.O. Misiani." Amekuruka kutoka bendi moja hadi nyingine juu masikio yake yanajua.

Hii kitu haikuanza na intaneti

Kabla ya bando kulikuwa na salamu. Wazazi wetu walikuwa wananunua kadi, wanatuma kwa redio, wanachagua ngoma na kutaja majina ya mabeste mpaka mtangazaji anachoka. Vilabu vya salamu vilikuwa na watu hawajawahi kuonana lakini wanajuana kwa ngoma wanazopenda. Hiyo ni grupu kamili, ni vile tu haikuwa na admin.

Na ngoma zilikuwa zinasafiri mbali. Producer Oluoch Kanindo alikuwa anatoa benga kwa sahani za santuri, na hizo sahani zikafika hadi Zimbabwe. Huko watu walianza kuita huo mtindo "kanindo". Hata jina "sungura", muziki mkubwa wa Zimbabwe, linahusishwa na lebo yake iliyokuwa inaitwa hivyo. Hakuna mashine ilipendekeza. Watu walipeana.

Mfano: Kothbiro

Juni 2018, Kanye West alitoa albamu ya "ye". Kwa ngoma inaitwa "Yikes" kuna kipande kimekatwa kutoka ngoma nyingine. Wasee wa kuchimba walicheki orodha ya waandishi wakaona James Mbarack Achieng na Ayub Ogada. Hayo majina yakawapeleka kwa "Kothbiro" ya Black Savage, bendi ya Nairobi ya miaka ya 1970. Kothbiro kwa Dholuo ni "mvua inakuja".

Ukiendelea kuchimba, unapata Ayub Ogada, aliyejulikana pia kama Job Seda, aliirudia hiyo ngoma kwa nyatiti. Iko kwa albamu yake "En Mana Kuoyo", iliyotoka 1993 chini ya Real World, lebo ya Peter Gabriel huko Uingereza. Ndio hiyo sauti pia unaskia kwa filamu "The Constant Gardener" ya 2005.

Sasa sehemu inaniuma. Ogada aliaga Februari 2019 nyumbani kwake Nyahera. Nyahera si mbali na hapa Mamboleo. Mimi nilijua jina lake kupitia komenti ya msee sijui hata ako nchi gani, na wakati huo jamaa alikuwa ashaenda. Mtu wa ng'ambo alikuwa anamjua jirani yangu kuniliko. Tangu hiyo siku sisemi "ni miksi" tena.

Mahali pa kuingia

WhoSampled: Hapa wasikilizaji wanaandika ngoma gani imekata kipande cha ngoma gani, na wengine wanahakikisha. Ukiwa unapenda hip hop, anzia hapa. Kila biti ni mlango wa ngoma ya kitambo.

Discogs: Ilianza 2000. Ni orodha kubwa ya sahani, kanda na CD, inajazwa na watu wa kawaida. Unapata jina ya lebo, namba ya sahani na nani alipiga nini. Ukitaka kujua bendi ya benga ilitoa nini, pita hapa.

Bandcamp: Msanii anauza mwenyewe, na ukifungua akaunti ya mtu amenunua albamu unayopenda, unaona vitu vingine amenunua. KMRU wa Nairobi anatumia hapa kutoa upya ngoma za guka yake, marehemu Joseph Kamaru. Mjukuu anafanya ambient, guka alikuwa legend wa Kikuyu, na msikilizaji wa mmoja anafikia mwingine.

YouTube: Usiangalie video pekee, soma komenti. Ngoma nyingi za zamani ziliwekwa na mashabiki, na chini utapata mzee anaeleza nani alikuwa anapiga solo. Tafuta pia Singing Wells, mradi ambao Ketebul Music ya Tabu Osusa wako ndani. Wanarekodi muziki wa kiasili mashinani.

Grupu za WhatsApp, Telegram na Facebook: Hapa ndio benga, rumba na ohangla zinaishi kila siku. Linki hupatikana kwa mtu ashako ndani, so uliza dijei wa mtaa ama uncle yako.

Jinsi ya kusaka ngoma huijui jina

1. Rekodi haraka. Sekunde 15 za sauti kwa simu zinatosha. Andika pia uliskia wapi na saa ngapi. Kama ilikuwa redio, unaeza uliza kituo.

2. Jaribu Shazam. Inalinganisha hiyo sauti na rekodi ziko kwa hifadhi yake. Kama dijei ameongeza spidi sana, ama ngoma haijawahi kuwekwa huko, haitapata kitu.

3. Imba. Tangu 2020 Google inakubali uimbe ama uvume, alafu inatafuta mpangilio wa sauti, si rekodi yenyewe. Hata kama sauti yako ni ya kuogofya, jaribu.

4. Shika neno moja. Kama hujui Dholuo, chezea mathe wa kibanda na uulize wanaimba nini. Neno moja la korasi linatosha kuanza.

5. Badilisha spelling. Andika "Kothbiro" na pia "Koth Biro". Andika "Collela Mazee" na pia "Kolela". Toa ile alama ya ng'. Walioweka ngoma hawakuandika sawa.

6. Uliza watu. Peleka hiyo rekodi kwa grupu, ama kwa kona ya NameThatSong huko Reddit. Sema lugha, vyombo unaskia, na mahali uliipata. "Nisaidieni na hii ngoma" pekee italengwa.

Heshima za grupu

Usiingie leo na kuomba leo. Kaa kidogo, skiza, soma zile za nyuma juu pengine swali yako ilishajibiwa.

Ukituma ngoma, tuma na majina: msanii, bendi, jina ya ngoma, na mwaka kama unaujua kweli. Kama huna uhakika, sema hivyo. Jina la uongo likishasambaa kwa grupu kumi, kuliondoa ni ngori.

Usitupe albamu nzima ya msanii ako hai na anauza. Bandcamp inakata asilimia 15 kwa ngoma za dijitali, na kuna zile siku za Bandcamp Friday, zilizoanza Machi 2020, ambazo haikati kitu. Kama huna kadi ya benki, M-Pesa GlobalPay inakupa namba ya Visa ya kulipia mtandaoni. Kama doo haiko, mtaje, tuma linki yake halali, na uende shoo akikuja Kisumu.

Mwisho, rudisha mkono. Wewe uko huku. Kuna wazee mtaani kwako walicheza hizi gitaa ama waliuza hizi sahani, na kuna msee mbali sana anatafuta jibu ambalo mzee wako analo. Muulize, andika kile amesema na akubali kitajwe, alafu weka hapo chini ya ile video ya "Track 03". Wikendi hii anza na moja tu. Ukikwama, tuma hapo kwa komenti tusaidiane.