Upana wa Pazia Kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Anayetaka kuigeuza sebule yake ya Kyela mjini au Ipinda kuwa ukumbi wa sinema kwa kawaida hupima ukuta kwanza, kisha hutafuta pazia kubwa kadiri ukuta unavyoruhusu. Historia ya picha za nuru inafundisha kipimo kingine: upana wa pazia ulifuata nguvu ya taa na mahali watazamaji walipoketi. Mfano mmoja unaanzia karibu: milima inayoifunga Kyela upande wa mashariki inaitwa kwa jina la David Livingstone, aliyefika Ziwa Nyasa mwaka 1859. Miaka mitano kabla ya hapo alikuwa amemwonyesha chifu mmoja aliyeitwa Shinte picha za Biblia kwa taa na vioo vilivyochorwa. Kwa vipimo vya leo nuru ile ilikuwa hafifu mno, lakini kisu cha Ibrahimu kiliposogea pamoja na kioo, wanawake waliokuwa wakitazama walikimbia. Giza na ukaribu vilitosha kuipa picha nguvu.

Filamu zilipokuja, sharti hilo halikubadilika. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa filamu za elimu uliokuwa na makao Vugiri, Usambara, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham, ulizungusha sinema kwa lori Afrika Mashariki na ya Kati, hadi Nyasaland. Miaka hiyohiyo wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walikuwa wakiwachunguza Wanyakyusa wa huku, watu waliosifika kwa nyumba zao nadhifu za mianzi. Mwenye sinema aliyefika huku wakati ule asingekuta ukuta mpana mweupe. Ilimpasa aje na kitambaa chake, na taa ya projekta yake ndiyo ingekipangia upana. Mradi ule ulitumia filamu ya milimita 16, ambayo picha yake moja ina upana wa milimita 10 hivi. Ukiitandaza hadi mita mbili na nusu, umeikuza mara 250 kwa upana, na nuru ileile sasa inagawanywa juu ya eneo kubwa mara zaidi ya 60,000. Kila upana unapozidishwa mara mbili, mwangaza hubaki robo.

Mtu atasema kwamba umati wa kijiji ulihitaji picha kubwa, na ni kweli kwa aliyeketi nyuma kabisa. Lakini ukubwa nao unasema jambo. Maofisa wa sinema wa kikoloni walipenda kurudia hadithi ya wanakijiji walioonyeshwa mbu aliyejaa pazia zima, wakajibu kwamba mbu wakubwa namna hiyo kwao hawapo. William Sellers, aliyeongoza kitengo cha filamu cha makoloni ya Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1939, alishikilia kwamba Mwafrika hajui kusoma picha. Hukumu hiyo ilikuwa ya dharau na ilikosea. Mtazamaji aliyempima mbu kwa kile alichokiona alipima sawasawa. Kosa lilikuwa la aliyekuza picha bila kumwonyesha mbu huyo kando ya kidole cha mtu.

Pingamizi zito zaidi ni la leo: projekta za sasa zina nuru nyingi, basi ya lori yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu uwanja wa usiku ulikuwa na giza ambalo sebule haina. Kuta nyeupe na dari hurudisha nuru juu ya pazia, weusi wa picha ukawa kijivu. Na kwa joto la Kyela madirisha hayafungwi, taa ya jirani ikaingia. Anayeketi mita tatu na nusu kutoka ukutani anatoshwa na pazia la inchi 85 kutoka kona hadi kona, ambalo linachukua nyuzi 30 za upeo wa macho yake. Inchi 115 zinafika nyuzi 40, na hapo ndipo pa kukomea. Kutoka inchi 85 hadi 120 eneo linakuwa maradufu, yaani mwangaza unabaki nusu. Kwa sebule yenye madirisha wazi ningechagua 90, na fedha iliyobaki ingenunua mapazia mazito ya madirisha. Usiku wa fainali ya mpira, majirani wanapojaa, projekta hiyohiyo itolewe uani baada ya giza kuingia, kitambaa cha mita tatu kifungwe kati ya miti miwili, na viti vya mbele visogezwe nyuma.