NENO "AMIN" LIMETOKA WAPI? JE, TUNAMTAJA MUNGU WA FIRAUNI?



Ndugu yangu msomaji, kuna ujumbe unaozunguka sana kwenye simu zetu. Unadai kuwa kila tunapoitikia "Amin" tunamtaja Amun, mungu wa Wamisri wa kale. Wapo waliotikisika nao. Imamu anamaliza Al-Fatiha, safu nzima inaitikia, yeye kafunga mdomo. Jambo linalogusa swala si la kupuuzwa. Basi tulitazame kwa utulivu, hatua kwa hatua.

*1. AMUN ALIKUWA NANI?*

Ni kweli Wamisri walikuwa na mungu waliyemwita hivyo. Hekalu lake kubwa lilikuwa Karnak, na magofu yake yapo mpaka leo katika mji wa Luxor. Jina la mfalme Tutankhamun limebeba jina lake. Maana yake kwa lugha yao ni "aliyefichika".

Sasa shika nukta hii, maana ndipo watu wanapotelezea. Maandishi ya Wamisri wa kale hayakuandika irabu. Yaliandika konsonanti tu. Kwa hiyo wasomi wa zama zetu hujaza irabu ili jina litamkike: huyu anaandika Amun, yule Amon, mwingine Amen. Ukikuta kitabuni "Amenhotep", hiyo "Amen" ni mazoea ya uandishi wa wasomi, si ushahidi kuwa Mmisri alitamka hivyo. Wagiriki waliosikia jina hilo waliandika Ammon.

*2. MZIZI WA AMIN*

Amin inatokana na mzizi wa herufi tatu: alif, mim, nun. Mzizi huu upo katika lugha za Kisami, zikiwemo Kiebrania na Kiarabu, na maana yake ni uthabiti, usalama na kuaminika. Kwa Kiebrania *emunah* ni imani. Kwa Kiarabu tunapata *iman*, *amn*, *amana* na *mu'min*.

Na wewe Mswahili, huhitaji kamusi! Tazama maneno unayotumia kila siku: amini, imani, amani, amana, muumini, mwaminifu. Yote yametoka kwenye mzizi huo mmoja. Mtume wetu (S.A.W.) kabla ya utume watu wa Makka walimwita Al-Amin, yaani mwaminifu.

Linganisha sasa: upande mmoja "kufichika", upande wa pili "kuwa thabiti". Maana haziko karibu hata kidogo. Kufanana kwa sauti peke yake si hoja. Kwetu kuna paa mnyama, kuna paa la nyumba, na kuna kupaa samaki. Nani atasema nyumba imeezekwa kwa mnyama?

Kuna ushahidi mwingine. Biblia ya Kiebrania inamtaja mungu huyo wa Misri katika kitabu cha Yeremia, sura ya 46, na inamwita Amon, kwa tahajia iliyo tofauti na ile ya *amen*. Wenye lugha yao walijua kuwa hayo ni mambo mawili.

*3. SAFARI YA NENO*

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 27, watu wanaitikia *amen* mara 12, kuthibitisha kila tamko linalosomwa mbele yao. Waandishi wa Kigiriki wakalichukua bila kulitafsiri, likaenda Kilatini, kisha likaenea Ulaya. Wakristo waliozungumza Kisiria walilitumia pia. Wanaisimu wengi wanaona kuwa Kiarabu kililipokea kutoka kwa jirani zake hao. Hilo lisikutie hofu: lugha hizi ni ndugu na mzizi ni mmoja. Ndiyo maana kwetu Muislamu anasema "Amin" na jirani yake Mkristo "Amina".

*4. KATIKA UISLAMU*

Wanazuoni wa Kiarabu wamelifasiri: "Ewe Mola, itikia." Si aya ya Qur'an, wala halimo ndani ya Al-Fatiha. Ni sunna. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuitikia pamoja na imamu, na kwamba ambaye "Amin" yake itaafikiana na ya Malaika husamehewa madhambi yake yaliyotangulia.

Mashafii, walio wengi katika pwani yetu, huitikia kwa sauti katika swala za kusoma kwa sauti. Mahanafi huitikia kimyakimya. Ndugu zetu Maibadhi hawaisemi ndani ya swala. Hizo ni tofauti za kifiqhi, na hakuna kati yao aliyeijenga hoja yake juu ya mungu wa Misri.

Angalia pia matamshi. *Aamiin*, "aa" ikivutwa, ndiyo dua. *Amiin*, "a" fupi, ni mwaminifu. Ukitia shadda kwenye mim, *aammiin*, inakuwa "wanaokusudia". Kwa hiyo usitie shadda.

*5. TURUDI MISRI*

Soma Surat Yunus, aya ya 88 na 89. Nabii Musa (A.S.) anaomba dhidi ya Firauni. Aliyeomba ni mmoja, lakini jibu la Allah linakuja kwa watu wawili: maombi yenu yamekubaliwa. Vipi wawili? Wafasiri wengi wamesema: Musa alikuwa akiomba na Harun akiitikia "Amin".

Zingatia hapo, ndugu yangu. Neno unaloambiwa kuwa ni la mungu wa Firauni, kwa kauli ya wafasiri hao ndilo lililoitikiwa katika dua ya kumwangamiza Firauni. Na aliyeitikia akahesabiwa kama aliyeomba.

Basi kesho Alfajiri, imamu akimaliza Al-Fatiha, usifunge mdomo. Itikia ukijua unachokisema. Na ujumbe ule ukikufikia tena, usiusambaze kabla ya kuuchunguza.

Allah atupe elimu yenye manufaa, atuthibitishe katika imani, na atujaalie amani katika nyumba zetu.

Aamiin. Wallahu a'lam.