Mwamba Dhaifu na Mzigo Unaojirudia

Wanajiolojia walioandika habari za ardhi ya Manyoni, mkoani Singida, hulitaja tabaka moja kwa jina la "saruji ya Kilimatinde". Mfasiri asiyeijua nchi hiyo atadhani ni bidhaa ya kiwandani. Kumbe ni mchanga na changarawe zilizoshikamanishwa na maumbile hata zikawa kitu kilicho baina ya udongo na jiwe. Mwamba wa namna hii wengi huuita "mwamba laini". Istilahi hiyo ina kasoro, maana itale iliyosuguliwa nayo ni laini. Mhandisi hajali mguso; anajali nguvu. Kwa hiyo "mwamba dhaifu" ni bora.

Ugumu zaidi umo katika mzigo. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukapita Manyoni, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo, reli za Ulaya zilikwisha kutoa funzo chungu: mwaka 1842, karibu na Versailles, ekseli ya garimoshi ilikatika na watu wengi wakafa. Baadaye August Wöhler, mhandisi wa reli wa Prussia, alionyesha kwa majaribio kwamba chuma huweza kukatika kwa mzigo mdogo kuliko ule kiwezao kuubeba mara moja, mradi mzigo huo urudiwe mara nyingi mno. Hali hiyo ndiyo tunayoiita "uchovu".

Je, mwamba nao huchoka? Hapa nashauri tahadhari. Katika chuma, ufa huanza na kukua. Katika mwamba dhaifu, kila pigo huvunja viungo vichache kati ya chembe na chembe. Viungo hivyo haviungani tena, na chembe husogeleana. Ikiwa vinyweleo vimejaa maji yasiyopata pa kutokea, shinikizo la maji hupanda na chembe hupungukiwa na msuguano. Basi mwamba hulegea, na "kulegea" ndilo neno ninalolipendekeza.

Wajenzi wa baharini walilijua jambo hili kwa gharama. Mwaka 1982, katika jukwaa la gesi la North Rankin, Australia, nguzo za chuma zilizotazamiwa kupigiliwa kwa nyundo zilizama zenyewe katika mchanga wa chokaa wenye mshikamano hafifu. Mshikamano ulivunjika, na msuguano ubavuni mwa nguzo ukawa haba. Jukwaa kama hilo hupigwa na mawimbi mchana na usiku, miaka nenda miaka rudi.

Wapo waandikao "mzigo wa mzunguko". Msomaji huona gurudumu, ilhali wimbi halizunguki nguzo. Huisukuma, huiachia, huisukuma tena. "Mzigo unaojirudia" hueleza tendo lenyewe.

Mkataba wa reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, inayokatiza Manyoni, ulitiwa saini mwaka 2021, na reli hiyo imesanifiwa kwa tani 35 kwa kila ekseli. Mfasiri wa maelekezo ya kazi akiandika "mzigo mzito" mahali pa "mzigo unaojirudia", fundi ataukandamiza mwamba mara moja, ataona umestahimili, na ataandika kwamba unafaa.