Gulio la Impruneta

Gulio la Impruneta (kwa Kiitalia: La fiera dell'Impruneta) ni picha ya wino iliyochapishwa kutoka bamba la shaba mwaka 1620. Ni kazi ya Jacques Callot (1592–1635), msanii mzaliwa wa Nancy, mji ambao leo uko Ufaransa. Inaonyesha uwanja ulio mbele ya kanisa la Bikira Maria huko Impruneta, mji mdogo kusini mwa Firenze, Italia, katika sikukuu ya Mtakatifu Luka, tarehe 18 Oktoba. Huhesabiwa kati ya kazi bora za mwanzo wa sanaa ya Baroko.

Upana wake ni sentimita 67 hivi na kimo chake 43, lakini imebeba watu zaidi ya elfu moja, mbali na wanyama. Hakuna mhusika mkuu. Wachuuzi wamepanga vyombo vya udongo chini (Impruneta inasifika hadi leo kwa ufinyanzi), muuza dawa yuko jukwaani na nyoka wake, na ndani ya umati mtu anavutwa juu kwa kamba kama adhabu huku biashara ikiendelea. Kanisa, ambalo ndilo chanzo cha sikukuu, limewekwa nyuma kabisa, na watu walio karibu nalo ni wadogo kama sisimizi. Nakala ndogo ya kitabuni haitoshi. Picha hii yataka kioo cha kukuzia.

Udogo huo uliwezekana kutokana na ufundi wa bamba. Wachapaji wa wakati ule walipaka bamba nta laini, wakachora kwa sindano, kisha wakalichovya katika asidi ili ile palipokwaruzwa. Mistari hiyo ndiyo hushika wino. Nta ilikuwa ikibanduka, asidi ikapenya pasipotakiwa na kuharibu kazi. Callot alitumia vanishi ngumu ya mafundi wa ala za nyuzi. Kwa kuwa haikubanduka, aliweza kulirudisha bamba kwenye asidi mara kadhaa: mistari ya nyuma aliifunika mapema ikabaki myembamba, ya mbele ikaliwa zaidi ikawa mizito.

Callot aliitoa kazi hiyo kwa heshima ya Cosimo II de' Medici, mtawala wa Toscana aliyemlipa posho. Cosimo alifariki mwaka 1621, posho ikakatwa, na Callot akarudi Nancy, ambako alichora bamba la pili la picha hiyohiyo. Baadaye David Teniers Mdogo, mchoraji wa Flanders, aliinakili kwa rangi.