Nimechoka, nimeboeka: Unavyoweza kusema kwa Kijapani

Kwa Kiswahili "nimechoka" linabeba mengi: mwili umechoka, kazi imekuchosha, au mtu amekuchosha na maneno yake. Kijapani kina neno kwa kila hali, na ukichanganya unaweza kumkwaza mwenyeji wako au bosi bila kujua.

Mwili umechoka
Neno la kawaida ni *tsukareta*, na kwa heshima *tsukaremashita*. Ukiwa hoi kabisa kuna *kutakuta* na *hetoheto*, maneno ya kurudiarudia kama "tepetepe" yetu. Mwili ukiwa mzito, kama homa inataka kuanza, sema *darui*.

Huna la kufanya
*Hima da* maana yake huna shughuli. Usichanganye na "hima" ya Kiswahili, ambayo ni haraka! Kuboeka kwenyewe ni *taikutsu*.

Kitu kinaboa
Filamu au mchezo usiovutia ni *tsumaranai*. Kuwa makini: ukilisema mbele ya mwenyeji, linaweza kusikika kama unakiponda alichokuandalia. Ila Wajapani wenyewe hulitumia kwa unyenyekevu wanapotoa zawadi: *tsumaranai mono desu ga*, yaani "ni kitu kidogo tu".

Umekinai
*Akita* ni pale ulichokipenda kimekuchosha, kama kula chakula kilekile kila siku. Yakikufika shingoni, ni *unzari*. Kazi yenye usumbufu mpaka unaona uvivu kuianza ni *mendokusai*. Hili ni la washkaji, si la kumwambia bosi.

Kazini
Wafanyakazi huagana kwa *otsukaresama desu*. Limetokana na neno lilelile la kuchoka, na linakaribiana na "pole na kazi". Lipo pia *gokurosama*, lakini kwa desturi mkubwa ndiye humwambia aliye chini yake. Ukimwambia bosi, unaonekana umejipandisha cheo.

Uchovu si wa kuchukulia poa
Japani ina neno *karoshi*, kifo kinachotokana na kazi kupita kiasi. Mwaka 2014 ilipitishwa sheria ya kuhimiza hatua za kuzuia vifo hivyo. Kuanzia Aprili 2019, kampuni kubwa ziliwekewa kikomo cha jumla cha saa za ziada: 45 kwa mwezi na 360 kwa mwaka, ingawa upo mwanya kwa hali maalumu. Kampuni ndogo na za kati zilifuata Aprili 2020.

Kwa hiyo mwenzako akirudia *tsukareta* kila siku, usiishie kumwitikia tu. Muulize *daijoubu?*, yaani "uko sawa?", kisha mwambie *muri shinaide*: usijilazimishe.