Uchanganyaji wa samani katika nyumba za Waswahili
Desturi ya kupamba chumba kimoja kwa samani zenye asili mbalimbali, iliyoshamiri Lamu na Unguja hasa katika karne ya 18 na 19. Kiti cha enzi cha mpingo, kilichosukwa kwa kamba na kutiwa njumu za pembe, kilikaa chumba kimoja na kitanda cha samadari chenye nakshi za Kihindi, na sahani za Kichina zilipangwa kwenye zidaka, yaani vishubaka. Wapo wanaodai kuwa hayo yalikuwa majivuno ya matajiri tu. Mali ilihusika, naam (maskini hakununua kauri), lakini haielezi mpangilio: zidaka zilichongwa ukutani kwa chokaa kama sehemu ya nyumba yenyewe, na weupe wa ukuta huo ndio uliopatanisha vitu vya kigeni.